Kuongeza Mngurumo Kwenye Amplifaya ya Vali: Kata Besi Kwanza

Amplifaya ndogo za vali, yaani za tyubu za kioo zinazokuza sauti, tunazozipata Nairobi, nyingi zilibuniwa kutoa sauti safi. Mbele kuna vali moja ya 12AX7, nyuma kuna 6V6 au EL84 moja, wati tano hivi, na spika ya inchi nane au kumi. Kwa gitaa la solo la benga sauti hiyo ni tamu sana na sioni sababu ya kuigusa. Ila mpigaji wa roki anayeishi ghorofani Umoja au Kasarani ana shida nyingine: akifungua volyumu nusu sauti bado ni safi, akiifungua yote anapata mkwaruzo kidogo, na jirani wa juu tayari anagonga sakafu.

Ushauri wa kawaida ni kuongeza geini, yaani kiasi cha ukuzaji. Mimi nakuomba ukate besi kwanza. Noti ya chini ina wimbi kubwa kuliko ya juu, kwa hiyo ndiyo inayogonga ukingo wa vali mapema. Ikishagonga, noti nyingine zote zilizo juu yake zinakatwakatwa kwa mwendo wa ile ya chini, na kodi nzima, yaani noti zinazopigwa pamoja, inazongana: husikii noti hii wala ile, unasikia mvumo tu. Ukipunguza besi kabla ya hatua ya vali inayopasua sauti, kila waya unasikika hata geini ikiwa juu. Unene utaurudisha baadaye kwa toni na kwa spika, baada ya sauti kupasuka. Hatua zote zilizo hapa chini zimepangwa kwa kufuata jambo hilo.

Kabla ya kufungua skrubu hata moja

Soma kibandiko cha nyuma. Stima yetu ni volti 240, hezi 50. Amplifaya iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani inaweza kuwa ya volti 120; ukiichomeka moja kwa moja utaua transfoma papo hapo. Itahitaji transfoma ya kushusha volti yenye uwezo wa angalau mara mbili ya wati zilizoandikwa kwenye kibandiko. Angalia pia kama imeandikwa 50/60 au 60 peke yake. Iliyotengenezwa kwa hezi 60 tu, transfoma yake itapata joto zaidi hapa kwetu, na kuiongezea vali nyingine ni kuitafutia kifo.

Kisha pima soketi ya ukutani. Kati ya waya wa moto na wa ardhi unatakiwa kupata karibu volti 240, na kati ya nyutro na ardhi karibu sifuri. Nyumba nyingi za zamani zina tundu la ardhi lisilounganishwa popote. Mpiga gitaa ameshika nyaya za chuma zilizoungwa na chesisi, sanduku la chuma la amplifaya, na mdomo wake uko karibu na maikrofoni. Ardhi ikikosekana, ni mwili wake utakaofanya kazi hiyo. Ndani ya plagi yenyewe mara nyingi kuna fyuzi ya ampea 13, ambayo ni kubwa mno kwa amplifaya ya wati tano. Weka ya ampea 3.

Sasa sehemu ambayo sitaipunguza kwa ajili ya haraka. Ndani ya amplifaya ya aina hii kuna volti 300 hadi 400 za mkondo mnyoofu, na kapasita za kuchuja zinaendelea kuzishika hata baada ya kuchomoa plagi, hata baada ya stima kupotea mtaa mzima. Volti hizo zinaua. Fanya hivi kila mara, hata kama uliizima dakika tano zilizopita. Chomoa plagi. Chukua waya wenye vibanio vya meno, bana upande mmoja kwenye chesisi, na upande wa pili, kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa mfukoni, kwenye pini namba 1 ya soketi ya 12AX7. Hiyo ni anodi, sahani inayopokea mkondo ndani ya vali. Chaji itashuka polepole kupitia rezista yake ya 100k (omu laki moja). Subiri nusu dakika, kisha pima kapasita zote za kuchuja kwa mita ya volti. Usiguse kitu mpaka usome chini ya volti 10. Acha waya huo umebanwa muda wote wa kazi, kwa sababu kapasita kubwa hujirudishia chaji kidogo kidogo zikiachwa wazi. Unautoa tu kabla ya kuwasha.

Kama hujawahi kupima volti za namna hiyo, mtafute fundi wa redio wa zamani akae nawe siku ya kwanza. Bado wapo mjini, na wengi wanafurahi kuona vali tena.

Vifaa na kununua

Tengeneza taa ya ulinzi: balbu ya zamani yenye waya unaowaka ndani, wati 40 au 60, iliyofungwa kwa mfululizo na waya wa moto unaokwenda kwenye amplifaya. Balbu za LED hazifai kwa kazi hii. Ukiwasha, balbu iwake kidogo kisha ififie. Ikibaki inawaka kwa nguvu, ndani kuna shoti, na balbu imekuokolea transfoma.

Rezista na kapasita utazipata Luthuli Avenue. Usiende kaunta ukaomba kapasita ya gitaa. Nenda na karatasi yenye thamani na volti. Kapasita zinazounganisha hatua moja na nyingine ziwe za filamu, volti 400 kwenda juu, na ikiwezekana 630. Namba zake ni 223 kwa nanofaradi 22, 472 kwa 4.7, 222 kwa 2.2. Zipo kapasita ndogo za seramiki za volti 50 zenye namba zilezile. Hizo usiziweke hapa, zitapasuka, au zitavujisha volti hadi gridi (mlango wa sauti) ya vali ya nyuma na vali hiyo itawaka nyekundu. Rezista za anodi ziwe za nusu wati au wati moja. Beba mita yako na upime kila kitu palepale kabla ya kulipa.

Vali ni habari nyingine. Maduka ya kawaida hayana, kwa hiyo utaagiza nje au utamtuma anayesafiri. ECC83 na 12AX7 ni kitu kimoja. Ukiuziwa 6N2P ya Kirusi kama mbadala, kumbuka kwamba pini zake za joto, zinazopeleka umeme wa kuipasha vali, zimepangwa tofauti, haichomekwi tu.

Tafuta mchoro wa saketi yako halisi, na upige picha za ndani kabla ya kugusa chochote. Katika mfano wangu nitafuata mpangilio wa Champ ya Fender ya miaka ya 1950, saketi 5F1, kwa kuwa amplifaya nyingi ndogo ni ndugu zake: nusu ya kwanza ya 12AX7, kisha volyumu, kisha nusu ya pili, kisha vali ya nguvu. Kila nusu ya vali ni hatua moja ya kukuza sauti. Kama yako imejengwa juu ya bodi iliyochapishwa, lehemu kwa joto la wastani na haraka; njia zake za shaba hubanduka kirahisi.

Hatua ya kwanza: jaribu yasiyohitaji kulehemu

Tazama vali ya mbele. Nguvu ya kukuza ya 12AX7 ni 100, ya 12AT7 ni 60, ya 12AY7 ni karibu 45. Zote zinaingia soketi ileile. Kama mtu aliweka 12AY7, kubadilisha vali peke yake kutakupa sehemu nzuri ya unachotafuta. Jaribu pia pedali ya kuongeza nguvu mbele ya amplifaya. Kwa wapigaji wengi wa kanisani na wa bendi za vilabu safari inaishia hapa, na ni vizuri ikiishia hapa.

Hatua ya pili: punguza besi kati ya nusu ya kwanza ya vali na volyumu

Kati ya anodi ya nusu ya kwanza na poti (rezista ya kuzungusha) ya volyumu kuna kapasita, kwa kawaida nanofaradi 22. Pamoja na poti ya 1M (omu milioni moja), inaanza kukata chini ya hezi 7, maana yake haikati chochote, kwani waya mnene wa gitaa ukiwa wazi unalia hezi 82. Ukiweka nanofaradi 4.7, ukataji unaanzia hezi 34. Ukiweka 2.2, unafika hezi 72, karibu kabisa na noti yako ya chini.

Mimi huanza na 4.7 kwa gitaa lenye pikapu za koili moja na 2.2 kwa zile za koili mbili. Lehemu, toa waya wa kushusha chaji, washa kupitia taa ya ulinzi, halafu piga. Kwa sauti safi utaona amplifaya imekuwa nyembamba kidogo, na hapo wengi huingiwa na hofu na kurudisha ya zamani. Vumilia. Umeandaa nafasi tu. Utakachoijaza nacho kiko hatua inayofuata. Na ukiwa na mpiga besi kwenye bendi, noti hizo ulizokata ni zake tangu mwanzo.

Hatua ya tatu: kapasita ya kathodi

Hapa ndipo geini inapopatikana kwa bei ya chai. Pini 3 ya 12AX7 ni kathodi, sehemu inayotoa elektroni, ya nusu ya kwanza. Kutoka hapo kuna rezista ya 1.5k kwenda ardhini. Rezista hiyo ikiwa peke yake, sehemu ya sauti inajipinga yenyewe na hatua inakuza karibu mara 30. Ukiweka kapasita sambamba na rezista, upinzani huo unaondoka na hatua inakuza karibu mara 60. Hiyo ni mara mbili, bila kuongeza vali.

Saizi ya kapasita ndiyo inayoamua noti zipi zinafaidika. Mikrofaradi 22 inanyanyua kila kitu, besi ikiwemo, na ndiyo utakayoikuta kwenye amplifaya nyingi za sauti safi. Mikrofaradi 0.68 pamoja na 1.5k inaanza kunyanyua kuanzia hezi 156 hivi, na faida kamili iko juu ya hapo, kwa hiyo noti za kati na za juu zinasukumwa mbele huku besi ikibaki ilipokuwa. Marshall walitumia 0.68 kwenye hatua ya kwanza ya amplifaya yao ya JCM800, modeli 2203, pamoja na rezista ya 2.7k, na ukali wake ule unaojulikana unaanzia hapo. Kama yako haina kapasita, weka 0.68 ya filamu, namba 684. Kama ina 22, iondoe uweke 0.68. Ukiona sauti imekuwa kavu mno, jaribu mikrofaradi 1 au 2.2. Kapasita ya elektroliti ina pande mbili: upande chanya uelekee kathodi. Volti hapa ni ndogo, kwa hiyo kapasita ya volti 25 inatosha kabisa.

Kathodi ya nusu ya pili usiiguse bado. Katika 5F1 ndipo fidibaki inapoingilia.

Hatua ya nne: swichi ya fidibaki

Kwenye 5F1 kuna rezista ya 22k inayotoka kwenye spika na kurudi kathodi ya hatua ya pili. Kazi yake ni kusafisha: inarudisha kipande cha sauti kikiwa kinyume ili kifute makosa. Ukiikata, amplifaya inapata nguvu zaidi, inapasuka mapema, na inakuwa mbichi zaidi mkononi. Kata upande mmoja wa rezista na uweke swichi ndogo katikati. Usiondoe moja kwa moja. Siku utakapoitwa kupiga nyimbo za benga za Shirati Jazz kwenye sherehe utaitaka sauti safi irudi. Fidibaki ikiwa imeunganishwa, besi ni ngumu na imetulia. Ikiwa wazi, yaani imekatwa, spika inalegea kidogo, na ndiyo maana kukata besi kulitangulia.

Kwa watu wengi hatua hizi zinatosha kwa roki ya kawaida. Piga nayo wiki kadhaa kabla ya kuendelea.

Hatua ya tano: kuongeza vali

Kama unataka muziki wa metali, nusu mbili za 12AX7 hazitoshi. Unahitaji hatua ya tatu ya kukuza kabla ya vali ya nguvu, maana yake tundu jipya kwenye chesisi, soketi ya pini tisa na 12AX7 ya pili. Mafundi wa bati wa Kamukunji watakutobolea tundu hilo ukiwapa kipimo; toa vali na transfoma kwanza, na usafishe kila chembe ya chuma baadaye, kwa sababu chembe moja kati ya pini mbili ni shoti.

Vali mpya itakunywa ampea 0.3 za joto kwa volti 6.3. Baada ya kuiunganisha pima volti za joto zote zikiwa zimewaka. Zikishuka chini ya 5.7, transfoma yako haiwezi, na huo ndio mwisho wa hatua hii kwa amplifaya hiyo. Pima jioni pia, stima ya mtaani inaposhuka kwa sababu kila mtu anapika.

Mpangilio wenyewe ni huu. Hatua ya kukuza ya kwanza inabaki ulivyoiweka. Volyumu ya zamani sasa inakuwa geini. Ya pili, ondoa 1.5k ya kathodi uweke 10k bila kapasita, kama ilivyo kwenye 2203. Rezista kubwa hivyo inaisogeza vali karibu na kuzimika, kwa hiyo upande mmoja wa wimbi unakatwa mapema kuliko mwingine, na sikio linapokea hilo kama ukali wenye nyama. Kutoka anodi yake pita kapasita ya nanofaradi 22, kisha rezista ya 470k kwa mfululizo na nyingine ya 470k kwenda ardhini. Jozi hiyo inapunguza sauti nusu, na usishawishike kuiruka ukidhani unapoteza geini. Bila hiyo hatua ya tatu inabanwa mpaka noti zinakufa mara tu unapozipiga. Makutano ya rezista hizo mbili ndiyo yanayokwenda kwenye gridi ya nusu ya kwanza ya vali mpya, yenye 100k kwenye anodi na 1.5k kwenye kathodi. Kutoka anodi hiyo, kapasita ya kwenda vali ya nguvu kama zamani. Nusu ya vali isiyotumika, unga gridi na kathodi yake ardhini. Fidibaki iondoe kathodi ya hatua ya pili uihamishie kathodi ya hatua ya tatu, au uiache wazi. Kwa metali mimi huiacha wazi.

Kinachoangusha kazi nyingi hapa ni waya zenyewe. Geini ikiwa juu hivi, waya wa gridi mrefu ni antena. Weka rezista ya 68k kwenye gridi ya kwanza, ilehemiwe juu ya pini yenyewe. Waya kutoka jeki ya gitaa uwe wenye ngao, na ngao hiyo iunganishwe ardhini upande mmoja tu. Waya za joto zisokotwe pamoja na zilazwe kwenye kona ya chesisi. Waya za transfoma ya spika zipite mbali na mbele. Ukiwasha ukasikia mluzi unaopanda kadiri unavyofungua geini, chukua kijiti kikavu cha mbao, usogeze waya mmoja mmoja amplifaya ikiwa imewaka, bila kidole chako kuingia ndani. Mluzi utabadilika ukigusa waya wenye kosa.

Kuna wanaoweka dayodi mbili za 1N4148 zikitazamana kinyume kwenye njia ya sauti badala ya haya yote. Inafanya kazi na ni rahisi, lakini kinachopasuka hapo ni dayodi, na pedali ya bei ndogo inakupa kitu hichohicho bila kufungua amplifaya.

Hatua ya sita: volyumu kuu, kwa ajili ya jirani

Kabla ya gridi ya vali ya nguvu kuna rezista ya 220k kwenda ardhini. Iondoe uweke poti ya 250k ya aina ya logarithimu: mguu wa juu upokee kapasita, mguu wa chini uende ardhini, wa kati uende gridi. Kisha, na hili usilisahau, weka rezista ya 1M kutoka mguu wa kati hadi ardhini. Poti huchakaa, mguu wa kati ukipoteza mguso, gridi inabaki hewani, vali inafunguka yote na kuungua. Kwa 6V6 usizidishe poti ya 500k.

Sasa unaweza kufungua geini hadi mwisho na kupiga saa tatu usiku kwa sauti ya redio. Haitakuwa tamu kama vali ya nguvu inaposukumwa, hilo nakuambia wazi, lakini itakuwa mngurumo wa kweli.

Kupima kabla ya kufunga

Spika iwe imeunganishwa kila unapowasha. Amplifaya ya vali bila spika inaweza kuunguza transfoma yake ya sauti. Ondoa taa ya ulinzi baada ya kuhakikisha haiwaki kwa nguvu, zima taa za chumba, na uitazame vali ya nguvu kwa dakika kumi. Mwanga wa rangi ya chungwa katikati ni wa joto, ni sawa. Bati la pembeni likianza kuwa jekundu, zima mara moja na utafute kapasita inayovuja au gridi iliyoachwa hewani.

Pima volti juu ya rezista ya kathodi ya vali ya nguvu. Ukipata volti 18 kwenye rezista ya omu 470, mkondo ni miliampea 38. Zidisha kwa volti kati ya anodi na kathodi, tuseme 310, upate karibu wati 11.9, na humo mna kiasi kidogo cha skrini, gridi ya pili ya vali hiyo. Kwa 6V6GT kikomo ni wati 12 hadi 14 kulingana na toleo. Kwa EL84 ni 12. Ukikuta umezidi, ongeza rezista ya kathodi kidogo kidogo mpaka ushuke.

Iache iwake saa nzima ukipiga. Zima na uchomoe, kisha gusa transfoma ya stima kwa nje: unapaswa kuweza kuweka kiganja na kukiacha hapo. Halafu andika kwenye kipande cha karatasi kila thamani uliyobadilisha, ya zamani na mpya, pamoja na volti ulizopima, na ukibandike ndani ya kifuniko ambako fundi atakayeifungua baada yako atakiona.